Mwenzangu wa Kuota Jua

Kwa miaka minne nilipewa hongera za mimba ambayo sikuwa nayo. Tumbo langu lilijaa uvimbe wa kizazi, na mtaa wetu wa Chamazi ulikuwa unanihesabia miezi. Muuza genge kila akiniona: "Bado tu, dada?" Mwanzoni nilikuwaga naeleza. Baadaye nikachoka, nikawa sitoki. Mie ni fundi wa kushona mapazia, kazi inanifuata chumbani. Nikafunga dirisha, nikawasha taa mchana kweupe, nikashona. Mume alishaondoka kitambo, alienda kwa anayezaa.

Daktari alipoona majibu ya damu aliniuliza kama nafanya kazi ndani ya friji. Vitamini D ilikuwa chini kabisa, na mji wenyewe ndio huu wa kutokwa jasho. Akanieleza taratibu kwamba wanawake wengi wenye uvimbe wanakutwa na upungufu huo, hasa sie weusi ambao ngozi zetu zinataka jua zaidi, ila bado haijulikani kwa hakika kama moja ndilo linaleta lingine. "Jua halitayeyusha uvimbe," alisema. "Meza vidonge, ota jua. Baada ya miezi mitatu tutaangalia kama kizazi kinaweza kubaki." Mie nilisikia hilo la kubaki tu. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na bado nilikuwa nakitaka.

Nikaanza kutoka uani saa nne asubuhi, mikono wazi, miguu wazi. Mpangaji mwenzangu, mama kijana aliyehamia mwezi ule, alikuwa anatoka muda huohuo kumwotesha jua kichanga wake. Siku ya kwanza alilitazama tumbo langu, akanisogezea mkeka. "Wa kwako lini, dada?"

Ningeweza kumwambia. Lakini nilikuwa na siku tatu sijaongea na mtu. "Bado bado," nikajibu. Akacheka, akasema nisiwe na haraka, wakishatoka tumboni, usingizi hakuna.

Uongo ule ulinipa miezi mitatu ya kuwa na mtu. Alinifundisha kufunga nepi. Alinikataza kubeba ndoo. Akanipa kofia ya sufu iliyokuwa imeshambana mwanawe, nami nikiwa peke yangu chumbani niliivalisha ngumi yangu, nikaitazama. Sioni aibu kulisema hilo.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Vitamini ilipanda vizuri tu, uvimbe haukujali. Damu ilikuwa inanitoka mpaka nashindwa kusimama. Nikasaini mwenyewe, kizazi kitolewe. Pale uani niliaga kwamba naenda kwa dada yangu, kule Goba.

Nilirudi baada ya wiki tatu, tumbo limeingia ndani, mikono mitupu. Yule mama kijana alikuwa anaanua nguo. Alinitazama tumbo, akanitazama mikono, akaingia ndani na nguo zake. Kesho yake saa nne nilitoka, mkeka haukuwepo. Alikuwa amemfungia mwanawe ndani ili nisimwone nikaumia. Nikakaa juani peke yangu, nikajiona mwizi.

Baadaye akaja na kikombe cha uji wa pilipili manga, ule wa wazazi. Akakaa chini kando yangu. Nikakusanya nguvu nimwambie ukweli wote, uvimbe, vidonge, dirisha nililofunga miaka yote ile. Akaniwahi.

"Alikuwa wa kike, dada?"

Tangu nitoke hospitali hakuna aliyeniuliza nimepoteza nini. Daktari alisema nishukuru, damu imekata. Dada yangu naye alisema nishukuru.

"Wa kike," nikasema. Nikaunywa ule uji wote huku nalia.