Ng'ombe wa Mama Rebeka Yuko Safu ya Pili

Jua ndiyo kwanza linachungulia nyuma ya vilima vya Igulumuki, na Mama Rebeka tayari yuko juu ya ngazi. Mkono mmoja umeshika chuma, mwingine unazungusha kipande cha khanga kilicholoweshwa maji. Anafuta paneli ya umeme wa jua, ya tatu kutoka kushoto, safu ya pili.

"Tulia, tulia," anainong'oneza, kama mtu anayekamua.

Chini ya ngazi, mlinzi Kalisti anatikisa kichwa na kucheka. Ameiona kazi hii kila asubuhi kwa karibu miaka miwili na bado haijamchosha.

Pembeni mwa paneli hiyo kuna alama ya rangi nyekundu, mistari miwili na nukta moja. Marehemu baba wa Mama Rebeka alikuwa akiwakata ng'ombe wake masikio kwa namna hiyohiyo, mikato miwili na tundu moja, ili wasipotelee katika makundi ya watu.

Mama Rebeka ni Klara Mihayo, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, mponda mawe katika machimbo madogo ya dhahabu ya Igulumuki, mwendo wa saa mbili na nusu kwa baiskeli kutoka Kharumwa. Kutoka hapa kwenye paneli huenda moja kwa moja kwenye nyundo yake. Wachimbaji wakitoa mawe kwenye maduara, yaani mashimo yao, yeye na akina mama wenzake huyaponda yawe kokoto, ndipo yaingie kwenye karasha, mashine ya kuyasaga yawe unga. Siku njema anaondoka na shilingi elfu moja. Siku mbaya anaondoka na vumbi la puani.

Lakini huyu mponda mawe ni mwanahisa. Soko la hisa lilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka jana, wengi huku walilisikia redioni na kudhani ni soko jipya la mboga. Mama Rebeka alikuwa na hisa zake kumi tangu Mei 1997.

Zilimgharimu mtamba mmoja, ambaye ndiye ng'ombe pekee aliyerithi kwa baba yake.

Ilianza siku Kamrudin alipofika Igulumuki na kipaza sauti. Kamrudin, ambaye wateja humwita Baba Sameer, ana duka la betri na redio mtaa wa Kambarage, mjini Shinyanga. Alikuwa amechoka kuona watu wakibeba betri za gari kwa baiskeli kwenda kuzichaji mbali, maana nguzo za umeme hazijafika huku na haijulikani zitafika lini. Akaanzisha kampuni, akaiita Jua Letu. Alitaka kujenga kituo cha kuchaji betri kwa nguvu za jua, na fedha alizitafuta kwa wenyeji: hisa moja shilingi elfu tano.

"Nilieleza hadi sauti ikakauka," anakumbuka Kamrudin. "Hisa, mtaji, gawio. Watu wananitazama tu. Mwisho nikasema jamani, fedha yako inakaa kwangu, naitunza, kila mwaka inazaa, kinachozaliwa unakuja kuchukua."

Hapo Mama Rebeka akaelewa. Akaelewa kupita kiasi.

Usukumani mtu huweza kumpelekea mwenzake ng'ombe amtunzie. Mtunzaji anakunywa maziwa na kutumia samadi, ila ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na mwenye ng'ombe ana haki ambayo hakuna anayembishia: kuja kumwona mnyama wake siku yoyote aitakayo, amkague, amshike nundu, aone kama anakula vizuri.

"Nikasema kumbe ni jambo la siku zote!" anasema. "Naweka ng'ombe kwa Baba Sameer. Basi."

Akauza mtamba kwa shilingi elfu hamsini. Kaka yake, Donatus, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha kwenye zizi lake huko Kharumwa, nusura apasuke.

"Aliniambia, 'Umemtoa ng'ombe wa baba ukachukua karatasi?' Akasema hana dada. Tangu siku hiyo hata salamu hakuna. Iliniuma sana, maana tumezaliwa wawili tu kwa mama yetu."

Oktoba mwaka huo kituo kikafunguliwa: paneli ishirini na nne juu ya vyuma virefu, na kibanda cha bati cha kuchajia betri. Siku ya sherehe, katikati ya ngoma na pilau, Mama Rebeka alimfuata mwenye kampuni.

"Shikamoo, Baba Sameer."

"Marahaba, Mama Rebeka. Umeona umeme wetu?"

"Nimeona. Sasa wangu ni yupi?"

Kamrudin alijaribu kueleza kwamba hisa haina uso wala mkia. Mama Rebeka akauliza tena. Akaeleza tena, naye akauliza tena, kwa adabu zote.

"Pilau ilikuwa inapoa," Kamrudin anakiri huku akicheka. "Nikanyoosha kidole ovyo. Nikamwambia wako ni yule pale, wa tatu, safu ya pili. Nikaenda kula."

Kesho yake Mama Rebeka alirudi na kopo la rangi na ngazi ya kuazima. Kalisti alimwachia. Naye ni Msukuma, na kumzuia mtu asimwone ng'ombe wake ni jambo ambalo hangeweza kuwaeleza watu wa nyumbani kwao. Tangu hapo kila asubuhi mama huyo akawa anapita kumfuta "ng'ombe" wake kabla ya kwenda kazini. Wachimba dhahabu wakamtania, wakamuuliza kama anatoa maziwa mgando. Yeye akawajibu kwamba wasubiri ndama.

Ndama hakuja. Mwaka wa kwanza mvua za El Nino zilifunika anga na kukata barabara. Mvua zilipokoma, Juni 1998, karasha tatu zikafungwa hatua mia mbili kutoka kituoni, nazo zinasaga mawe makavu kutwa nzima. Muda si mrefu betri iliyokuwa ikijaa kwa siku moja ikawa inachukua siku tatu. Wenye vibanda vya video na saluni wakahamishia betri zao kwenye jenereta ya kijiji cha jirani.

Kila mtu alilaumu betri, wengine wakalaumu nyaya. Paneli hakuna aliyezitazama, kwa sababu ukiwa chini unaona migongo yake tu. Aliyepanda juu ni Mama Rebeka peke yake, naye ng'ombe wa watu hakuwagusa.

Oktoba 1998 Kamrudin aliwaita wanahisa wote sitini na mmoja. Alikuwa amevaa suti, na watu wakajua ni msiba. Akasema kampuni inakufa. Amepata mtu wa Kahama atakayenunua paneli zote, na baada ya kulipa gharama, kila hisa itarudishiwa shilingi elfu moja na mia mbili.

"Nilipiga hesabu palepale," anasema Mama Rebeka. "Mtamba wa baba yangu angerudi akiwa kuku saba. Nikawaza Donatus akisikia atasema nini. Nikakaa chini kwenye mchanga."

Mnunuzi alikuwa ametaka cheti cha vipimo vya kila paneli. Kwa hiyo Sameer, mtoto wa Kamrudin aliyesomea umeme, alikuwa akipanda ngazi na kipimo chake, akifungua nyaya za paneli moja baada ya nyingine na kumsomea baba yake tarakimu mbele ya mkutano. Ya kwanza, chini ya nusu. Ya pili, chini ya nusu. Safu nzima ikaisha hivyo, watu wakiinamisha vichwa.

Safu ya pili, paneli ya tatu, Sameer akakikodolea macho kipimo. Akapima tena. Akashuka, akabadilisha betri ya kipimo, akapanda, akapima mara ya tatu.

"Hii ni kama imetoka dukani leo," akasema. "Hii imefanywa nini?"

Kalisti ndiye aliyejibu, kutoka langoni. "Hiyo si ya kampuni, mkubwa. Hiyo ni ya Mama Rebeka."

Macho sitini na moja mara mbili yakamgeukia. Mama Rebeka anasema alidhani amekamatwa kwa wizi wa umeme.

"Nikasimama. Nikasema jamani, mimi namfuta tu, sijamkamua!"

Mkutano ulivunjika kwa kicheko, hata Kamrudin akalegeza tai. Lakini Sameer hakucheka. Alipitisha kidole kwenye paneli ya jirani, na kidole kikatoka na tabaka jeupe, gumu kama ukoko wa ugali. Ni vumbi la karasha, ambalo umande uliligandisha usiku na jua likalikausha mchana, miezi minne mfululizo.

Kilichofuata Igulumuki wanakisimulia hadi leo. Ngazi zililetwa kutoka kila duara. Akina mama walivua khanga za mabegani, vijana wakabeba ndoo, na mzee mmoja mwenye hisa mbili alipanda kwa miguu peku na kukataa kushuka. Mwanaima, msusi wa nywele na mwanahisa, anasema alifuta hadi kucha zikavunjika.

"Tulikuwa tunaimba," anasema Mwanaima. "Nyimbo za kulima! Baba Sameer na suti yake anachota maji kisimani."

Saa nane mchana Sameer alipima upya, na tarakimu zilikuwa zimepanda karibu mara mbili. Mikono ikanyooshwa na uuzaji ukasimamishwa. Mtu wa Kahama alipewa soda na kuombwa radhi.

Siku hiyohiyo kila mwanahisa alidai aonyeshwe paneli yake. Kamrudin, safari hii bila kufikiria pilau, akazigawa zote ishirini na nne, kila moja na watunzaji wawili au watatu. Sasa kila paneli ina alama. Mwanaima na wenzake wamechora kitana. Wako wenye jembe, wako wenye nyota. Ikifika saa moja asubuhi kituo kizima kinameremeta, na betri sabini zinachajiwa kwa siku, kila moja shilingi mia nne.

Agosti mwaka huu, gawio la kwanza likalipwa: shilingi mia nane kwa kila hisa. Mama Rebeka alivaa gauni la Pasaka na kwenda na binti yake. Jina lake lilipoitwa, vigelegele vilianza kabla hajainuka. Alipokea shilingi elfu nane, akazinusa, akampa Rebeka naye azinuse.

"Wabeja, wabeja sana," alikuwa akimshukuru kwa Kisukuma kila aliyempa mkono, machozi yakimtiririka bila aibu. Kwa mwanamke aliyesubiri miaka miwili huku akichekwa, ilikuwa furaha ya haki kabisa.

Ndipo Sameer alipoona ni vyema amweleze ukweli. Akamketisha, akamwambia kwamba ile paneli si yake peke yake, na haijawahi kuwa. Hisa zake zimo katika kituo chote.

Mama Rebeka akageuka kuzitazama paneli, safu kwa safu.

"Yaani katika kila moja, zote ishirini na nne, nina kipande changu?"

"Ndiyo, mama. Zote."

"Na mimi miaka yote nimekuwa nikimwogesha mmoja tu!" Akacheka hadi akajishika mbavu. Hata hivyo, kesho yake alirudi kwenye ileile ya tatu, safu ya pili. Anasema wameshazoeana.

Januari wanahisa watakutana tena kupiga kura ya kuongeza paneli sita, ili zahanati ipate taa na friji ya chanjo. Mama Rebeka ameweka kando fedha za hisa moja kwa jina la Rebeka. Anataka zifike kumi, binti awe na zake na mama awe na zake.

Na wiki mbili zilizopita alipata mgeni. Donatus alifika kwa baiskeli kutoka Kharumwa, akaiegemeza ukutani, akasimama mlangoni kwa dada yake.

"Mhola?" akauliza, bila kumtazama usoni. Ilikuwa salamu yake ya kwanza tangu mtamba alipouzwa.

Mama Rebeka alimpikia kuku. Baada ya kula, kaka mtu alitoa shilingi elfu kumi zilizofungwa kwenye leso. Alitaka hisa mbili, lakini kwa sharti kwamba ziandikwe kwa jina la dada, maana wenzake wa mnada wa ng'ombe wakisikia watamcheka.

"Fedha nimepokea, jina nimekataa," anasema Mama Rebeka, akiinua nyundo yake kwa zamu ya mchana. "Nimemwambia Januari aje mwenyewe, akae mbele pamoja na mimi, jina lake lisomwe kwa sauti na anyooshe mkono watu wote wamwone. Mama yetu alizaa wawili, na wawili tutakuwepo."