Siku Mzuka Alipovuliwa Shuka

Juzi hapa nyumbani Same wajukuu zangu nusura wachaniane mashati kwa sababu ya tamthilia. Ni ile ya mizimu, ilisimama miaka mingi, sasa imerudishwa, na sehemu ya wiki hii imewagawa. Mmoja anasema mwanzo ulimsisimua mwili mzima. Mwingine anasema mwanzo ufae nini, mwisho wameharibu kila kitu. Mkubwa wao akanigeukia: "Bibi, hebu tuamulie wewe." Mimi huyo, nikainuka nikatoka uani, nikajifanya naangalia madumu ya maji. Wakadhani kelele zimeniudhi. Hapana, rafiki yangu. Nilishikwa na aibu, tena aibu ya zamani kuliko mama yao.

Nimezaliwa juu milimani, Chome, kule ambako ukungu unaingia jikoni bila hodi. Nililelewa na bibi mzaa mama. Wala usinichoree bibi mpole wa kwenye vitabu vya shule. Wangu alikuwa mkali, mbishi, mpenda makande ya jana, na kanisani aliimba kwa nguvu kuliko kwaya nzima. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya mpungi, ndivyo tulivyokiita kile kimsitu cha matambiko ya wazee wa zamani. Hakuna aliyethubutu kuokota mle hata ukuni mkavu. Chini ya mizizi yake ilitoka chemchemi, na chemchemi ile ndiyo iliyojaza ndiva, bwawa walilochimba mababu kwa mikono yao. Usiku maji yanajaa, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu yaende mashambani. Kila alfajiri kabla ya shule nilikwenda kuchota pale, maji baridi mpaka vidole vinakufa ganzi.

Redio ilikuwa moja tu upande wetu, ya balozi wa nyumba kumi. Jumamosi jioni aliiweka dirishani, betri zimeshaanikwa juani kutwa nzima zipate nguvu kidogo, na sisi tumejaa uani kwake. Kina mama wanapukuchua mahindi, watoto tunasukumana. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mzuka wa mpagazi, mtu aliyekufa njiani na mzigo wake kichwani, basi anapita nyumba hadi nyumba akigonga mlango, asipofunguliwa anapenya hivyo hivyo, na kuuliza, "Mzigo wangu mmeuweka wapi?" Aliyeigiza alikuwa na kikohozi kikavu, ukikisikia unavuta miguu ndani ya gauni. Bibi alikuwa anamjibu kabisa: "Hatunao, pita!" Watu wanacheka, lakini hakuna aliyekuwa tayari kwenda chooni peke yake.

Kisha mchezo ukakatwa, hatukuambiwa kwa nini. Tukangoja, tukachoka kungoja, tukawa tunasimuliana tu vipindi vya zamani wakati wa kuchambua maharage. Miaka ikapita, vijiji vya ujamaa vikaja, mimi nikaingia darasa la nne. Siku moja balozi akapita nyumba kwa nyumba anahema: mzuka anarudi Jumamosi! Bibi alioga mapema kama anakwenda harusini.

Nusu ya kwanza, mwenzangu, ilikuwa moto. Upepo, mbwa analia, hatua zinakokota kwenye kokoto, kisha kule kugonga mlangoni. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine, tukaivumilia. Kisha, katikati, vijana wa kijiji cha kwenye mchezo wakamrukia mzuka, wakamvua shuka, kumbe ni mfanyabiashara aliyeficha sukari kwenye pango! Akaungama pale pale. Halafu ikaja hotuba. Hotuba juu ya kazi na uvivu na imani potofu, ndefu mpaka betri zikaanza kukoroma. Watu walikunja mikeka, wakaenda zao.

Maneno waliyaweka mpaka Jumatatu, siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, tukizoa tope kwenye ndiva. Mwalimu alituleta wanafunzi na majembe yetu. Bibi alikuwa ndani ya tope mpaka magotini, gauni amelikunja kiunoni, na ndiye aliyeanza.

"Huyu mzuka mpya amekula wali," alisema. "Sauti imeshiba. Yule wa zamani alikuwa na njaa, ndiyo maana tukamwamini."

"Lakini mwanzo mzuri, mama," jirani mmoja akamtetea.

"Mwanzo wamepika, mwisho wamemwaga. Na niambieni, kama ni mwenye duka, yule mbwa wa kipindi kile cha zamani, aliyeanguka mzuka alipompitia, alikufa kwa nini? Aliuawa na sukari?"

Ndiva nzima ikaangua kicheko. Wengine wakasema kweli, wametudanganya, mzuka amepita kwenye milango iliyofungwa miaka yote, mwenye duka anapitaje? Wengine wakasema la, mwisho ndio wenye faida. Mwalimu alikuwa upande huo. Alikuwa kijana, msafi, na mimi nilimpenda kwa moyo wote kama mtoto anavyompenda mtu aliyemwambia ana akili. Akasema mchezo umekua, sasa unaelimisha, na mtu anayeshikilia mizuka anakivuta kijiji nyuma.

Hapo ndipo balozi alipoegemea jembe lake. "Ndugu zangu, kama ni hivyo, kile kimsitu pale juu kinangoja nini? Tunatafuta mahali pa shamba la kijiji mpaka tumechoka, na ardhi nzuri imekaa bure kwa sababu ya woga."

Mzaha ukaisha. Nikamwona bibi anatoka kwenye tope, anapanda ukingoni, anajifuta mikono kwenye gauni. Namjua. Alikuwa anajiandaa kusema, na akisema, wale watu wangemsikiliza, maana hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Lakini mwalimu alimtangulia. Alinigeukia mimi.

"Wewe ndiye unayekaa karibu kuliko wote. Kila alfajiri uko pale. Umewahi kuona kitu?"

Nilisimama wima kama niko darasani. "Hapana, mwalimu. Hakuna kitu. Bibi ananitisha tu ili nisichelewe na maji."

Walicheka, wewe! Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mwalimu akanipigia makofi, na wanafunzi wenzangu wakafuata. Nilijiona mrefu. Kisha nikamtazama bibi. Alikuwa bado amesimama pale ukingoni, mdomo umefunguka kidogo. Akaufunga. Akarudi ndani ya tope, akaendelea kuzoa.

Tulipofika nyumbani nilidhani nitachapwa. Alipakua makande, akanisogezea bakuli, akasema taratibu, "Ulidhani nataka kumtetea shetani? Mimi ni mtu wa kanisa. Nilitaka kuyatetea maji. Msitu ukiogopwa, haukatwi." Nikala.

Mwezi haukuisha, mpungi ukawa chini. Miti ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia ilianguka, na kila ukianguka mmoja sisi watoto tulishangilia. Wakapanda mahindi. Mwaka wa kwanza yalikuwa marefu kweli, balozi akatembea kifua mbele. Mwaka wa pili chemchemi ikawa inatoa maji kama machozi. Wa tatu ikabaki unyevu tu, na vyura. Ndiva ikashuka, zamu za maji zikawa ugomvi, ndugu wakapigana majembe kwenye mfereji. Mahindi yenyewe yakakauka. Mwalimu alikuwa ameshahamishwa. Nikaanza kuchota mtoni, bondeni, saa nzima kushuka na kupanda, na bibi alikuja nyuma yangu na ndoo yake mpaka miguu ilipomkataa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa mjukuu kwelikweli, na yakanijia nikiwa bado mtoto. Nimejiambia mara elfu kwamba wangekata tu, nani anasikiliza neno la mtoto wa darasa la nne? Labda. Lakini mtu mmoja alikuwa amesimama kuwazuia, na aliyemkalisha ni mimi. Nilipanda Chome mwaka juzi kwenye msiba. Pale penye mpungi kuna majani makavu na mawe. Ndiva imekuwa malisho, mbuzi wamelala katikati yake. Nikamwuliza binti mmoja chemchemi ilikuwa wapi hasa, akaniambia, "Shikamoo bibi, hapa hapajawahi kuwa na chemchemi." Nikamwitikia marahaba, nikashuka.

Mwaka ambao bibi alikufa nilikuwa namaliza darasa la saba. Alikuwa amelala siku nyingi, hali chakula. Asubuhi moja akafumbua macho akasema ana kiu, ila hataki maji ya mtoni, anataka ya pale juu. Nikachukua kibuyu. Nilikwenda kweli mpaka pale, nikapiga magoti, nikachimba kwa vidole, nikapata tope. Basi nikashuka bondeni mbio, nikachota mtoni, nikarudi natokwa jasho. Nikamwinua kichwa, nikamwambia, "Haya bibi, ya pale juu."

Alikunywa kidogo. Akaniangalia.

"Ya mtoni," alisema, akanywa yaliyobaki, akanishukuru. Nilitaka anigombeze. Nilibaki na kibuyu mkononi nikingoja anigombeze, naye akalala, asiamke tena. Mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kunigombeza.