Karatasi ya Mashine kwa Mbuzi Jike

Mkanda wa mashine ulimchukua vidole mwanangu mwenyewe. Jina lake, na majina ya wote waliokuwepo, ninayo kichwani, ila hapa siandiki jina la mtu. Ilikuwa miaka ya wakimbizi, huku kwetu Keza mpakani, na mashine yetu ya kusaga ilikuwa haipumziki. Watu wa kijiji na watu wa kambini walipanga madebe yao foleni moja.

Mwanangu akiwa bado hospitali, mume wangu akasema mke wa kijana wetu ndiye atakayeiwasha. Yeye alimaliza la saba. Mimi niliishia la pili. Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nikimwona anachambua maharage, nilijikuta navihesabu vidole vyake.

Kitabu cha mashine kilikuwa cha Kizungu, kurasa zimegandana kwa dizeli. Nikasikia kambini yuko mzee aliyefanya kazi miaka mingi kiwandani kwao, kazi yake kuandika jinsi mashine zinavyotumiwa, na sasa anamwandikia yeyote anayemwita. Nikamfuata.

"Mbuzi jike," akasema. "Na siku tatu nile kwenu."

"Kwa karatasi moja? Mbona sokoni naandikiwa barua kwa mkungu wa ndizi, na salamu za wajomba wote zinamo!"

"Barua ikikosewa, mama, mjomba ananuna. Hii ikikosewa?"

Nikatoa mbuzi.

Siku mbili hakuandika hata neno. Aliagiza mashine isiwashwe, watu wakarudi na mahindi yao, mume wangu naye akaenda shambani. Mzee akakaa juu ya gunia akimtazama mkwe wangu anavyoinama, anavyofagia chini ya mkanda, anavyoshika hendeli.

"Umetoa mbuzi ili mtu aje kumkodolea macho mke wa mwanao?" mume wangu akaniuliza tukila. Nikaogopa kwamba nimetapeliwa.

Siku ya tatu akaandika. Mstari wa kwanza ulisema: Vua kitenge cha juu kabla ya kusogelea mashine. Foleni ilikuwa imerudi, na mume wangu amekaa kwenye kiti chake kando ya mizani. Mzee akampa mkwe wangu karatasi, asome mwenyewe na kufanya mwenyewe. Yeye akasimama kimya karibu na pa kuzimia injini.

Mkwe wangu akasoma. Akamwangalia baba mkwe. Kwetu mke wa kijana hasimami mbele ya baba mkwe bila kujifunika. Akauruka mstari ule. Akazungusha hendeli, injini ikashika, akainama kuangalia unga, na ncha ya kitenge ikaenda na mkanda.

Nilisikia nguo ikichanika. Nikafumba macho nikingoja kilio.

Hakikuja. Mzee alikuwa ameshazima. Nusu ya kitenge ilikuwa imejiviringisha kwenye gurudumu, na mkwe wangu ameganda, mikono kifuani, mizima.

"Binti, mstari wa kwanza hukuuona?"

"Niliuona, mzee. Lakini baba yupo."

Mzee hakumgombeza. "Kosa langu. Siku zote mbili kiti hiki kilikuwa kitupu." Akaandika juu kabisa ya karatasi. Mkwe wangu akasoma kwa sauti ndogo, macho chini: "Baba mkwe atoke nje ya kibanda kabla ya kuwasha."

"Kwenye mashine yangu? Nifukuzwe na karatasi?"

"Toka, mwenye mashine, tuna njaa!" foleni ikacheka.

Mimi sikucheka. "Baba watoto," nikamwambia, "mmoja ameshakatika hapa. Unangoja wa pili?"

Sikuwahi kumsemesha hivyo mbele za watu, na nilijua uzito wa mkono wake. Alinitazama, akaitazama foleni. Kisha akainuka, akabeba kiti, akatoka.

Mkwe wangu akavua kilichobaki cha kitenge, akaanza tena kutoka juu, kidole kikifuata mistari.

"Ameshika hendeli?" mume wangu akauliza huko nje, bila kugeuka.

Nikamwambia anyamaze, mtoto anasoma.