Gogo la Mpingo Kwenye Kigari cha Baba Glory

Zabroni ni fundi wa kuchomelea mageti, na geti la mwisho alilochomelea lilikuwa na injini. Ndivyo walivyosema majirani zake wa Lisekese siku chombo kile kilipotoka uani kwake: magurudumu manne, injini ya pikipiki iliyokwisha kustaafu, usukani wa gari lililofia Nanganga, na paa la bati lililobaki kwenye ujenzi wa choo. Lakini kilitembea. Hilo hata wenye roho mbaya walikiri.

Hakukiunda kwa kujishaua. Mama yake, Bibi Claudia, anaishi juu huko Chilangala, na nyonga yake ilikwisha kuapa kwamba haipandi tena bodaboda. Jumapili ile mjukuu wake, Glory, alikuwa apate kipaimara kanisani Masasi. Bibi akatuma neno: "Nitakuja kwa chombo cha mwanangu, ila kiwe na namba. Chombo kisicho na namba ni sawa na mtoto asiyebatizwa, na mimi sibebwi na mpagani."

Basi siku chache kabla ya kipaimara akaitwa mkaguzi wa magari, Afande Agnes, mtu wa Bukoba, mwanamke mnene mwenye macho ya kuhesabu. Akakagua breki, akakagua taa. Honi ililia kama mbuzi aliyekanyagwa, akasema inatosha. Alipofika mbele akasimama.

"Na hii?"

"Bampa, afande."

"Bampa ya mti?"

"Ya mpingo. Gogo aliloniachia marehemu baba."

Hapo ndipo umakonde ulipomzidi fundi akili. Wengine hufunga bomba, yeye alifunga mti unaozama majini kama jiwe.

Afande akashusha pumzi. "Sikiliza, Baba Glory. Chombo chako kikiwa chepesi, kinahesabiwa kigari chepesi cha magurudumu manne, nami nakipitisha leo. Kikizidi uzito, ni gari. Na gari jipya hugongeshwa kwanza ukutani, ionekane wa ndani atatokaje."

"Nikigongeshe mwenyewe?"

"Ndiyo maana nakuombea kiwe chepesi."

Mzani mkubwa wa karibu ulikuwa ghalani, kwenye chama cha wakulima, na msimu ulikuwa wa korosho. Foleni ya magunia ikasogezwa, wanaume wakakinyanyua kigari na kukitua juu ya mzani. Hamudi, karani wa chama, akasoma. Chepesi! Tena na nafasi ikabaki. Watu wakashangilia, Zabroni akaanza kuona kofia ya kanisani ya mama yake ikipepea chini ya bati.

Sasa shetani gani alimtuma Afande Agnes apande naye mzanini, hatujui. Alipanda kwa mzaha tu, kigari kilipokwisha kushushwa. Akatazama, macho yakamtoka.

"Jamani, nimepungua! Juzi tu nilipimwa kliniki!"

Mzee Silvano, aliyekuwa amekalia gunia lake, akainuka taratibu. "Hujapungua, mwanangu. Hivyo ndivyo korosho zangu zinavyopungua kila msimu nikifika hapo."

Ghala zima likalipuka. Hamudi akasema ni vumbi. Akaulizwa hilo vumbi mbona halijawahi kumwongezea mkulima hata kilo. Akatafuta skrubu nyuma ya mzani kwa kasi ya mtu anayejua ilipo, akaizungusha, afande akapanda tena, na safari hii akashuka bila furaha.

"Leteni kigari," akasema.

Zabroni aliwatazama wale wanaume wakikinyanyua tena, akatamani mmoja ajikwae. Mzani ukasoma. Kimezidi.

"Ungekaa kimya, afande," alinong'ona Zabroni, "wote tungekuwa wembamba."

"Ningependa, Baba Glory. Lakini hawa wangeendelea kuibiwa." Akagonga bampa kwa kidole. "Chagua. Gogo au namba."

Gogo la baba si kuni. Zabroni aliliinamia kwa muda, kama anayeaga, halafu akaomba spana. Mzee Silvano mwenyewe ndiye aliyeshika upande wa pili walipolishusha, akiguna, "Aisee, marehemu alikuwa anakupenda au anakukomoa?" Kigari kikapandishwa mara ya tatu, kikapita. Bomba la maji likafungwa mahali pa bampa.

Jumapili alfajiri, namba ikiwa bado inanukia rangi, Zabroni akafika Chilangala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi Claudia aliinama kwanza kusoma namba, herufi moja moja, ndipo akakubali kupandishwa. Akajiweka sawa, akachungulia mbele.

"Gogo la baba yako liko wapi?"

"Limeshushwa, mama. Lilikuwa zito kuliko sheria."

Bibi akafunga mkanda wa kofia yake kidevuni.

"Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo. Haya, washa, tusichelewe bure."