Sare Mpya ya Agnesi

Agnesi atarudishwa kwao Ndola, ng'ambo ya mpaka. Karani wa vibali vya wageni amesema hivyo leo asubuhi, mimi nikiwa kwenye foleni nyuma ya Agnesi na mama yake mdogo.

Alikuja hapa Elisabethville kusoma ushonaji kwa masista. Juzi juzi akahamia shule ya wauguzi, kwa baraka zao. Leo alikuja kuongeza muda wa kibali cha kukaa tu.

Sasa sikieni.

Huyo mama mdogo, anayekaa naye, alimvalisha sare mpya nyeupe, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nani kwetu huenda ofisini na nguo ya kila siku?

Karani alitazama kibali, akatazama sare.

"Mama, kibali yake iko ya kushona. Hii nguo iko ya wapi?"

"Ya kuuguza bagonjwa, tata! Haiko muzuri?"

"Iko muzuri. Lakini aliacha ile shule, basi kibali imekufa. Aende kwabo, aombe ingine."

Mama akafungua kitenge chake cha juu, akaanza kuifunika ile sare.

"Acha, mama," Agnesi akasema. "Amekwisha kuona."

Treni ya Ndola inaondoka Jumamosi asubuhi. Mwenye nafasi aje stesheni, mama asirudi nyumbani peke yake.