Kikapu cha Mama Kipkoech

Chai ya Bitutu ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuchumwa mwaka ule wa sitini na tisa, na tayari majani yalikuwa yanapungua. Kila asubuhi akimwogesha mtoto wake Momanyi mlangoni, jicho lilikuwa kule bondeni. Huko aliona kikapu cha jirani yake Chepngeno, Mama Kipkoech, kikiinuka na kuzama katikati ya michai yake yeye Bitutu.

"Ananichumia chai yangu," alimwambia mumewe, Bosire. "Halafu Jumapili ananiletea maziwa ya mursik na kumbeba mtoto, uso mkavu!"

"Una hakika?"

"Si nina macho?"

Akapeleka maneno kwa kamati ya kituo cha kununulia majani. Neno lake likikubaliwa, Chepngeno hangeuza jani tena pale Boito, na nyumba yake haikuwa na tegemeo lingine.

Kikao kilipokaribia, Bitutu alikwenda darasa la Kiingereza la akina mama wa kanisa. Mwalimu Tecla alikuwa ameandika ubaoni: view, opinion, point of view.

"Mwalimu, si yote ni maoni tu?" akauliza mmoja.

"Hapo ndipo mnanichosha! 'View' inaanzia machoni, ni kile kinaonekana. 'Opinion' umeipika mwenyewe kichwani. 'Point of view' ni pale umesimama ukiangalia."

"Na mtu akihama hapo?" Bitutu akauliza.

"Ataona kingine."

"Mama Momanyi anahama!" wakacheka. "Bosire anajua?"

Bitutu hakucheka. Kurudi nyumbani alipitia chini, kando ya mto. Aliposimama mwisho wa shamba la Chepngeno, akaona njia baina ya mashamba mawili, pana ya kupitisha ng'ombe. Kutoka mlangoni kwake njia hiyo haikuonekana. Kutoka kule juu chai yote ilikuwa mkeka mmoja wa kijani. Akaingia kwenye michai yake, akainama kutafuta mahali ukucha umevunja jani. Hakuna. Vichipukizi vilikuwa vimejifunga, vimelala kwa baridi ya Julai.

Au anajua kuficha, akawaza.

Kikaoni mzee Onyancha wa kamati akamuuliza, "Mama, ulimwona akichuma kwako?"

Chepngeno alitazama chini.

"Niliona kikapu," Bitutu akasema polepole. "Kuchuma kwangu, hiyo nilifikiria mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Sasa umetuitia nini?"

Chepngeno akaguna. "Hata kwangu majani yamepungua. Na huyu kila asubuhi yuko huko juu, ananichungulia. Mimi nikasema, anangoja nitoke, aingie."

Wakaangaliana. Mtoto akaanza kujinyoosha mgongoni mwa Bitutu.

"Lete huyo, mama, umechoka," Chepngeno akasema.

Bitutu alikaza leso kwanza. Kisha akaifungua, akampa Chepngeno mtoto.