Kiti cha Pili Bustanini

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila mvua za vuli zikiisha na joto la Desemba likianza, mwanangu Naliaka. Wewe endelea na kazi zako hapo jikoni, dirisha liko wazi utanisikia. Mimi niko palepale pangu, kwenye maua. Mtaa wote wa Donholm umeenda mashambani kwa sikukuu, hata redio ya jirani imenyamaza, na mzee akikosa wa kuzungumza naye huzungumza na dirisha.

Wakati huo mimi na marehemu mama mkwe wako tulikuwa tumeoana juzijuzi, hata Wekesa mumeo hatujampata. Nilikuwa nikifanya kazi ya reli, zamu ya usiku, kwa hiyo mchana niko nyumbani. Mke wangu aliuza katika duka la vitambaa mjini, akirudi jioni. Ndipo nilipoanza kupanda maua haya, kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia, na majirani wakinicheka. Waliniuliza kama nitayala na ugali. Niliwaacha wacheke.

Basi mama yake mke wangu akaja kutoka kijijini kwa ajili ya kliniki ya macho. Mila yetu unaijua: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, wala mama mkwe halali nyumbani kwa binti yake. Alikuwa akilala kwa mpwa wake, mtaa wa Tassia. Asubuhi mpwa anamleta, anamkalisha hapa bustanini, na jioni mke wangu anamrudisha. Mchana kutwa ni yeye nje na mimi ndani, pazia limefungwa. Saa ya chai ikifika ninaweka kikombe mlangoni, ninakohoa, kisha ninakimbilia chumbani kabla hajageuka. Nilijiona nina adabu, wee! Hata kazini nilijisifu.

Siku hiyo nikasikia anaongea. Nilidhani amepata mgeni, nikachungulia penye pazia. Alikuwa peke yake. Amenyoosha mkono analipapasa ua la waridi, polepole, na kuliuliza, "Wewe una rangi gani? Nyekundu ama manjano?" Kisha akatulia, kama anayengoja kujibiwa.

Mwanangu, nililisogeza pazia kidogo. Nikasema kutoka dirishani, "Ni jekundu, Mama."

Hakugeuka. "Kumbe una sauti, mkwe! Nilidhani binti yangu ameolewa na kikohozi."

Nikamwambia kwamba nilikuwa ninamheshimu.

"Heshima gani hii, ya kuniacha na maua nisiyoyaona? Macho yangu yameingia ukungu. Hata ukisimama mbele yangu sikuoni, sasa aibu iko wapi? Toa kiti. Kiweke mbali kidogo, kielekee maua, kisinielekee mimi. Halafu niambie yaliyochanua."

Nikatoa kiti. Nikamtajia waridi, nikamtajia asumini karibu na bomba, nikamtajia bogenvilia iliyopanda ukuta hadi kwa jirani. Aliuliza kila moja lina rangi gani hasa, ni nyekundu ya damu ama ya nyanya. Nikikosea kueleza ananicheka. Tulikaa hivyo kila siku hadi alipomaliza kliniki, na hatukutazamana hata mara moja. Macho yake hayakupona. Lakini siku ya kuondoka alisimama langoni, akanipa mgongo kama mila inavyotaka, akasema, "Bustani yako nimeiona, mkwe."

Sasa mimi ndiye baba mkwe, na mila ni ileile kati yangu na wewe. Tangu mama yenu atutoke na Wekesa ahamishiwe kazi Mombasa, tumebaki wawili kwenye nyumba hii, kila mtu upande wake. Unaniwekea chai hapo mlangoni, unagonga, nikigeuka ninakuta kikombe tu. Umelelewa vizuri, sikulaumu. Lakini mimi ni mpweke, mwanangu, tena sana, nakwambia wazi. Ghorofa hili la jirani linatuzibia jua hadi saa tano. Jua likishafika hapa maua yanafunguka yote pamoja, na mimi ninageuka nimwambie mtu, nakuta ukuta.

Macho yangu bado ni mazima, kwa hiyo kisingizio cha yule mama sina. Kiti ninacho. Nimekitoa tangu asubuhi, kimeelekea waridi.

Nasaha yangu ni hii. Mheshimu mkubwa wako na umpe nafasi yake, ila usimheshimu mpaka akose wa kumwambia neno. Mila ilikukataza kunitazama. Haikukukataza kutazama maua nami nikiwa hapa. Ukiona adabu imemwacha mtu peke yake, itafutie pa kuweka kiti. Na wanao ukijaliwa wafundishe hivyo, maana nawe utazeeka.

Mungu akupe maisha marefu, akurudishie mumeo salama, na siku macho yako yakiingia ukungu akupe mtu wa kukutajia rangi.

Unasemaje? Lile la manjano la pembeni? Kumbe huwa unachungulia! Limechanua leo, mwanangu, leo hii asubuhi. Njoo na kikombe chako.